Mashine Haijasema

Mtu akikuambia kwamba Okinyi wa Kaloleni ni mwizi, mkatalie papo hapo. Mwizi huingia kwa dirisha. Okinyi huingia kwa mlango, hukaribishwa kiti na chai, na anapoondoka na mali ya wenyewe husindikizwa hadi getini na kuambiwa asipotee sana.

Jumatano hiyo alisimama kwenye kibanda cha Hibaq, sokoni Umoja, kupumzisha miguu. Soli za viatu vyake zilikuwa zimeliwa hadi soksi ilijua lami ya kila mtaa. Kisa ni kwamba kwa miezi mitatu alikuwa amemwambia mpenzi wake Lorraine kwamba pikipiki yake iko kwa fundi, na Lorraine amechoka kungoja fundi. "Jumamosi," alikuwa amemwambia, "uje nayo unipeleke kwa mamangu, ama usikuje tena." Okinyi hakuwa na pikipiki, wala hakuwahi kuwa nayo. Lakini alimpenda Lorraine kweli, na hilo ndilo jambo la kweli pekee alilokuwa nalo wiki hiyo.

Hibaq alikuwa fundi wa simu, na pembeni alitengeneza mashine za kuangulia vifaranga. Mezani pake palikuwa na kibao kidogo kama kiberiti, chenye vimiguu vya chuma pande mbili na kitaa cha buluu kilichokuwa kikiwaka na kuzima.

"Niaje Hibaq. Haka kananikonyezea ni nini?"

"Usiguse. Hiyo ni maikrokontrola. Ka-kompyuta kadogo. Unakaandikia kazi kwa laptop, unakapatia, halafu kanaifanya bila kuchoka. Haka ni ka mashine ya mayai. Joto ikishuka, kanawasha balbu."

"Kanaweza kulia kama kengele?"

"Ukikaambia."

"Na nikiwa ng'ambo ya barabara, nakaambiaje?"

"Na simu. Kana waifai yake."

Okinyi akanyamaza. Wanaomjua husema kunyamaza kwake ni jambo la kutangaziwa umma, kama kipindupindu. Alikuwa amemkumbuka Mzee Muturi.

Mzee Muturi alikuwa na ploti ya kupangisha ya ghorofa nne kule Mowlem, na pikipiki nzuri iliyolala chini ya gunia kwa sababu alionea mafuta uchungu. Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa maji. Maji ya bomba huko huja kwa mgao, leo asubuhi, kesho alasiri, na saa haijulikani. Yanapofika getini hugawanyika, nusu kwa wapangaji, nusu kwa tangi la Muturi, ambayo yeye huiuza kwa mtungi. Kila siku alitamani kufunga koki ya wapangaji ili yote yaingie kwake. Wapangaji, hata hivyo, walikuwa wameshamtisha kwamba wakiikuta imefungwa watahama wote. Angalijua tu saa yenyewe, angaliifunga kidogo, akajaza, akaifungua, na hakuna ambaye angejua!

"Niazime haka," Okinyi akasema. "Mpaka Jumamosi."

"Ya nini?"

"Kwaya ya kanisa. Sauti ya tatu wanachelewa kuingia. Tunataka kuwakumbusha."

Kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, Hibaq akakaunganisha na kengele, akaandika kazi mpya kwa laptop, na kubandika kikaratasi cha paswadi chini yake. "Ubadilishe hiyo paswadi leo. Haka hakana rafiki, Okinyi. Kanasikia mwenye paswadi."

"Nitabadilisha."

Hakubadilisha. Wala hakumuuliza Hibaq anaishi wapi. Mjanja aliyekomaa huuliza mtu makao yake kabla ya kumkopa, lakini siku hiyo akili ya Okinyi ilikuwa imeshapanda pikipiki.

Alkhamisi asubuhi alikuwa sebuleni kwa Muturi na kisanduku cheusi chenye kitaa cha buluu.

"Hii inasikia maji kwa bomba, Mzee. Yakiwa bado huko mbali. Ikilia, hesabu dakika arobaini."

"Haiwezekani. Mimi nimekaa hapa miaka thelathini na siwezi kujua."

"Wewe ni binadamu, Mzee. Binadamu ana tamaa, anasikia anachotaka. Usimwamini binadamu, hata mimi usiniamini. Amini mashine."

Muturi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa andiko, na kisanduku kikatundikwa mlangoni.

Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Auntie Roseline, dada ya mamake Okinyi, alikaa mtaa wa chini ambako maji hufika mapema kabla ya kupanda kilima. Kama watu wote wa Eastlands, Auntie aliacha mfereji wazi na sufuria imepinduliwa chini yake, ili maji yakija yaipige ngoma naye asikie popote alipo. Sufuria ikilia, anampigia Okinyi. Okinyi, akinywa chai kwenye kibanda kinachotazama geti la Muturi, anabonyeza simu. Kisanduku kinalia. Muturi anatoka mbio na spana.

Alkhamisi ilitokea hivyo. Ijumaa pia. Siku zote mbili tangi la Muturi lilifurika na mifereji ya wapangaji ikakohoa hewa tu. Muturi alifurahi hadi akampa Okinyi andazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Bei aliyotaka Okinyi ilikuwa ile pikipiki ya chini ya gunia, na walipoandikiana, Muturi alitoa daftari. Kisanduku kikilia sawasawa mara ya tatu, siku ya Jumamosi, pikipiki na logibuku, hati yake ya umiliki, ni za Okinyi. Halafu, kwa kuwa mkono wa bahili huongeza mstari mmoja kila mara, akaandika: *Ikikosea, muuzaji atajaza tangi langu kwa mikono yake, na kitambulisho chake kitakaa kwangu mpaka lijae.* Okinyi alitoa kitambulisho na kutia sahihi yenye mikia mitatu.

Jumamosi alipita Umoja, akakuta kibanda cha Hibaq kimefungwa. Akashukuru Mungu kwa kutodaiwa kibao, akaenda zake kunywa chai.

Saa nne na robo Auntie akapiga. "Okinyi wangu, sufuria imelia!"

Akabonyeza. Simu ikamwandikia: *Nenosiri si sahihi.* Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja. *Nenosiri si sahihi.* Kwenye mlango wa Muturi kile kisanduku kilitulia kimya, kitaa chake kikikonyeza kwa raha zake.

Dakika tano zikapita, kumi, ishirini. Mwishowe akaacha chai, akavuka barabara, akaingia mbio.

"Mzee! Funga koki! Maji yanakuja!"

Muturi alikuwa ameketi chini ya kisanduku, spana mapajani. Hakuinuka. "Mashine haijasema."

"Mimi ndiye nasema, Mzee! Walahi yanakuja!"

"Wewe ni binadamu," Muturi akamjibu kwa upole. "Una tamaa. Unataka pikipiki haraka. Keti."

Okinyi aliapa kwa mama yake. Aliapa kwa shirika la reli lililomwajiri baba yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu utotoni kusema kweli mfululizo hivyo, na haikumfaa kitu. Saa tano kasoro maji yakafika. Koki ya wapangaji ilikuwa wazi, na pampu inayopandisha maji kwa tangi la Muturi ilikuwa imezimwa ikingoja kengele, kwa hiyo yote yakakimbilia ghorofani. Ndoo zikajaa, karai zikajaa, mtu akaanza kuimba akifua mablanketi. Muturi aliisikia shangwe hiyo, akakitazama kisanduku, akatulia. Imani yake ilikuwa kubwa.

Maji yalipokatika, ndipo kengele ikalia. Ililia kwa bidii ya kwaya nzima.

Muturi akaruka, akafunga koki, akawasha pampu. Pampu ikavuta hewa, ikavuta hewa, ikatoa moshi, ikafa. Mzee akaingia ndani na kurudi na daftari. Akalifungua kwenye mstari wa mwisho. Okinyi aliona afadhali angalimpiga.

Maji ya karibu yalikuwa ya wapangaji tu. Okinyi akapanda ngazi na mtungi, akabisha mlango wa kwanza wa ghorofa ya tatu. Aliyefungua alikuwa Hibaq, simu mkononi, mikono ina povu la sabuni.

"Karibu," akasema. "Sauti ya tatu waliingia vizuri?"

Okinyi akaficha mtungi nyuma ya mgongo.

"Siku mbili sijaoga, Okinyi. Nikitoka job napata mfereji imekauka, na mlangoni kwa landilodi kibao yangu inanikonyezea. Nilikuambia ubadilishe paswadi. Hukubadilisha, nikakubadilishia." Akanyoosha mkono. "Lete kibao."

Okinyi akashuka kukichukua, akampa. "Na maji, dada yangu? Mtungi mmoja tu?"

"Yote nimefulia," akasema Hibaq, akafunga mlango.

Ikabidi mkokoteni. Alikodi kwa ahadi, akateremka kwa Auntie Roseline, akajaza mitungi kumi na kuanza kuipandisha kilima, kifua mbele, soksi zikichapa lami. Alikuwa katikati ya safari ya kwanza aliposikia viatu vya kike vikisimama kando.

Lorraine alikuwa amevaa gauni la kwenda kwa mamake. Aliutazama mkokoteni toka magurudumu hadi mpini.

"Hii ndiyo ilikuwa kwa fundi?"

Okinyi akavuta pumzi. Uongo wa aina sita ulimjia, wote mzuri. "Ndiyo," akasema. "Imetoka leo."

Lorraine akakunja gauni, akapanda juu ya mitungi, akaketi vizuri na kufungua mwavuli.

"Kwa mamangu ni juu kule," akasema. "Washa."