Sinki Lenu Limemnyamazisha Mume Wangu

Kwa Meneja wa Kiwanda cha Masinki ya Stili Isiyoshika Kutu,

Mheshimiwa Meneja,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na mashine zako zote. Mimi ni mzima kupita kiasi, kwa sababu nimeolewa. Najua wameolewa wengi, ila sidhani kama wote wamepata mtu kama wangu, la sivyo tungekuwa tunakutana na wanawake wanaocheka peke yao kila kona ya mtaa. Mume wangu anatengeneza miwani. Ana vidole vya taratibu, na shingo ambayo nikianza kuieleza hapa utadhani umeletewa barua isiyo yako. Basi niingie kwenye malalamiko.

Mume wangu ni mkimya. Mawifi zangu walimpa jina la Redio Mbovu tangu utotoni, na siku ya harusi mkubwa wao alinishika mkono akasema, "Wifi, huyo tumekukabidhi. Siku ukisikia sauti, tuite na sisi tuje kusikia." Nilicheka tu. Nilijiona nina mapenzi ya kuwatosha watu wawili.

Kumbe sauti ilikuwepo, tena ilikuwa jikoni. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na sinki la stili la zamani. Wapangaji waliotutangulia walilisugua kwa waya wa sufuria mpaka likawa kama mtu aliyegombana na paka, na kila mkwaruzo ulikuwa na uchafu wake. Maji ya bomba nayo yaliacha doa jeupe kila tone lilipokaukia. Kila jioni baada ya chakula nilisugua kwa sabuni na siki, nikifuata mistari ya chuma, kwa nguvu zangu zote, na mume wangu alisimama bega kwa bega nami na kitambaa kikavu, akikausha nilipopita. Na hapo, Mheshimiwa, ndipo alipokuwa akizungumza! Hapo ndipo aliponiambia kwamba miwani ya baba yangu, niliyokuwa nairudisha dukani kwake kila mara ikilegea, haikuwa na kasoro yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa akilegeza skrubu makusudi ili nirudi. Niambie, ni mwanamke gani angeacha kusugua?

Sasa mama mkwe, kwa upendo wake, akatununulia sinki lenu jipya pamoja na meza yake. Fundi bomba alipomaliza kulifunga aliligonga kwa kidole akasema, "Mama, hili halitaki ugomvi. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, basi." Nikamshukuru, tena nikampa na soda.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sinki lenu ni jepesi mno kusafisha. Napitisha kitambaa, mume wangu anapitisha chake, kazi imekwisha. Anasema, "Haya, mke wangu," anakwenda kuketi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya jioni nzima. Sisemi hayana utamu, maana nayasikia mpaka miguuni, lakini hayatoshi.

2. Halishiki doa. Nimeliachia majani ya chai tangu asubuhi. Nimelipaka nyanya, nimelipaka manjano, nimelilaza na sufuria iliyoungua. Vyote vinatoka kwa upole, kana kwamba sinki linanionea huruma. Alama za vidole peke yake ndizo zilizonipa matumaini, lakini karatasi yenu ya maelekezo ikashauri tone la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, nazo zikatoweka.

3. Karatasi hiyohiyo inakataza waya, inakataza dawa yenye klorini, inakataza kuacha maji ya chumvi yatuame. Yaani kila njia ya kuliharibu kwa heshima mmeifunga. Bila heshima siwezi. Mama mkwe akija huinama akatengeneza kilemba chake humo kama kwenye kioo, halafu ananiambia, "Mwanangu, wewe unajua kutunza." Nitamtazamaje?

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Jioni ya mwisho ya sinki la zamani, mume wangu alikuwa ananisimulia siku aliyokuja kwetu kuniposa, akakosea nyumba. Alikuwa amefika mahali ambapo ameshaketi, chai imemiminwa, na mzee wa nyumba ile anamwambia, "Karibu mwanangu, tumekungoja sana." Hapo fundi akapiga hodi na spana zake. Mpaka leo sijui mume wangu alitokaje katika nyumba ile. Sijui hata kama kisheria alitoka. Nimemuuliza mezani, nimemuuliza njiani, nimemuuliza akipiga mswaki, na kila nikimuuliza namkumbusha habari yote tangu mwanzo ili asipotelewe na chochote. Nikimaliza, anatabasamu tu.

Kwa hiyo naomba mnitengenezee sinki gumu. Likishindikana, lirefusheni hili: lipande ukuta, litoke mlangoni, lizunguke sebule na kuingia chumbani, ili hata tukifuta mara moja tu kila mahali jioni iishe hatujafika mwisho. Na hilo nalo likishindikana, tuleteeni mfanyakazi wenu mwenye mafunzo awe anakuja kutuchafulia. Aidha napendekeza mwiombe serikali itunge sheria: maharusi wasiuziwe kitu chochote kinachong'aa kirahisi mpaka wathibitishe mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba wamekwisha kuambiana yote.

Nisalimie wakata mabamba, wachomeleaji, madereva na walinzi wa getini. Aliyeandika karatasi ya maelekezo mpe salamu nusu. Msalimie na mkeo. Kama huna, oa, utaniletea habari.

Ni mimi,
Mke wa mtengeneza miwani (napenda sana kuandika hivyo)

Nyongeza: Nilimpa mume wangu barua hii aikague kabla ya kuipeleka posta, kwa kuwa ana jicho la makosa. Ameisoma, akairudia, kisha akasema, nanukuu: "Mke wangu, mimi sikuwa na haja na sinki. Wewe ukisugua kwa nguvu pumzi zinakubana, unanyamaza. Ndipo nami nilikuwa napata upenyo." Nilifungua kinywa nimjibu kwa hoja zangu zote, nikakifunga. Basi, Mheshimiwa, yafute yote niliyoyaandika kuanzia juu. Sinki lenu halina kosa. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini amevuta kiti karibu nami, amekohoa kidogo. Nanyamaza.