Bahari Katika Kabati la Hajati Hindu

Jumatatu, 2 Februari 1976

Wewe uliyekiokota kitabu hiki, nakuomba kwa jina la Mungu: soma kimya, hata midomo isicheze. Usimsomee mkeo. Usimsomee hata kuku. Mambo haya yakitoka nje, mimi nitaingia ndani.

Leo mdomo wangu umenisaliti. Mkuu wetu mpya wa ofisi ya leseni za baiskeli, Kapteni Sulaimani, alipita meza kwa meza akiuliza kila karani ametoka wapi. Nikasema sisi ni watu wa pwani, afande. Kweli tupu: babu wa babu yangu alikuja Buganda na msafara wa pembe. Sikuongeza kwamba tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kuiona bahari.

Kapteni akanyoosha kifimbo kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya matumbawe ya Mombasa na samaki wa rangi zote. Akauliza kama vitu hivyo ni vya kweli. Nikasema ni vya kweli. Akauliza nimeviona wapi. Na mdomo, bila kunishauri, ukajibu: ninavyo nyumbani, afande. Sebuleni.

Saverio wa meza ya pili akameza kicheko ndani ya kola.

Kapteni akasema atakuja kuiona hiyo bahari Jumamosi ya wiki ijayo. "Na kama ni uongo..." Hakumaliza. Karani wa meza ya dirishani aliambiwa sentensi kama hiyo mwaka jana. Meza bado ipo.

Jumanne, 3 Februari

Nimeamua. Nitaijenga. Akili ninayo, sekondari nilimaliza daraja la kwanza.

Vioo kwanza. Jirani yetu Hajati Hindu aligawiwa duka la vitambaa la Mhindi aliyefukuzwa, ila vitambaa hakugawiwa. Ana kabati la vioo refu kama jeneza la jitu, na ndani yake mna kiberiti kimoja na nzi. Nikaliomba. Akauliza la nini. Nikasema siri ya serikali. Alilitoa mbio, akanisaidia kulibeba! Sijawahi kuona maneno matatu yakifanya kazi kiasi hicho.

Shangazi Mariamu, aliyenilea na mwenye nyumba hii, ameuliza tu wageni watakaa wapi.

Alhamisi, 5 Februari

Ushindi! Karibu.

Nililaza kabati chali, nikaziba viungo kwa lami niliyoibandua barabarani jua lilipoilainisha. Nikajaza maji. Bahari ilikaa kwa muda wa kumwita shangazi aje aone. Kisha ikatoka yote kwa mlango wa mbele, ikashuka ngazi, ikachukua kandambili za shangazi hadi dukani kwa Hajati Hindu.

Shangazi amesema hata Nuhu alipewa taarifa.

Nimemjibu kwamba kila fundi mkubwa huanza hivyo. Sasa nimepaka pati, ule ulaini wa kushikizia vioo vya madirisha, juu ya lami, nikakaza mbao pande zote kwa waya. Pati ikikauka tutaona nani atacheka.

Jumamosi, 7 Februari

Halivuji! Nimelala kifudifudi sakafuni kulisikiliza. Hata tone.

Leo matumbawe. Nimepinda waya kama matawi, nikapaka saruji ambayo shangazi aliiweka ya kuzibia choo, nikapaka rangi zilizobaki kwenye makopo: nyekundu ya mlango, njano ya dirisha, kijani ya msikitini. Kati yake nimefunga madodoki ya kuogea. Ndani ya maji yanayumba kama yana roho. Kalenda nimeichukua kutoka ofisini chini ya shati ili niige vizuri. Wallahi, yangu imeishinda.

Hewa ya samaki: pampu ya baiskeli na mpira mrefu. Atakayepampu ni shangazi, nyuma ya pazia. Amekataa. Nimemweleza habari ya meza ya dirishani. Amekubali.

Jumatatu, 9 Februari

Saverio ni nyoka. Amemwomba Kapteni aje naye Jumamosi, "kujifunza mambo ya bahari." Kapteni amempiga begani kwa furaha.

Huyu ni Mganda wa Lubaga, wa ukoo wa Nkejje, na hakubali tusahau. Nkejje ni kisamaki kidogo cha ziwani. Mtu wa ukoo huo hamli, hamgusi, wala hakubali aliwe mbele ya macho yake. Kwake ni ndugu. Mwaka jana alitoka katika harusi ya binamu yake na kuacha pilau ya nyama, kwa sababu sahani ya jirani ilikuwa na nkejje. Mambo ya zamani! Mimi msomi nimecheka.

Akaniuliza kwa upole bahari yangu inaendeleaje. "Munnange, rafiki yangu, nitakuombea kanisani." Nikamwambia ajiombee mwenyewe. Kisha nikaenda chooni kutetemeka.

Jumatano, 11 Februari

Nimeomba ruhusa ya kung'oa jino, nikaenda ziwani, mwalo wa Ggaba, kutafuta samaki wa rangi. Sato ni wa kijivu. Sangara ni wa kijivu. Samaki wa bluu, njano na wekundu ziwani humo ni mmoja tu, dume la nkejje, na ni mzuri kama alichorwa na mtoto wa mfalme. Nikataka walio hai. Wavuvi walicheka hadi mtumbwi ukayumba. Nkejje, bwana, ni wa kukausha, wa kumpa mtoto mwenye surua! Nikajaza debe.

Saverio atawajua? Nimelifikiria hilo kwa makini. Nitamsimamisha pembeni, penye giza.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alielekeza bunduki kwenye debe, akauliza mna nini. Nikasema bahari ya Kapteni Sulaimani. Akachungulia. Kisha akalipigia debe saluti! Nikatamani mama yangu angekuwa hai.

Nyumbani nikatia chumvi, bahari ni chumvi. Samaki wote wakalala ubavu. Nikamwaga, nikajaza maji ya bomba, wakaamka. Basi, bahari yangu haitakuwa na chumvi. Atakayeionja ataonjeshwa kwa kikombe, na kikombe shangazi atakipaka chumvi ndani mapema. Amelia. Mji mzima unatafuta chumvi, na yeye anaipaka kikombe.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeshinda! Nimeshinda!

Kapteni aliingia na viatu vyake, Saverio nyuma yake na tabasamu la Pasaka. Nikavuta shuka niliyoifunika bahari. Jua la dirishani likapiga maji, samaki wakang'aa, madodoki yakayumba, na nyuma ya pazia shangazi akaanza: fiii, fiii. Kapteni akavua kofia. Akauliza hiyo ni sauti gani. Nikasema ni bahari, afande, inapumua.

Akataka kuonja. Nikachota kwa kikombe. Akanywa, akakunja uso, akatema kwenye zulia la shangazi. "Chumvi kabisa! Hii iko bahari ya kweli!"

Saverio, ambaye nilimsahau pembeni, akasogea penye mwanga. Akainama. Tabasamu likazimika. Akanitazama mimi, akatazama samaki, akanitazama tena. Amewajua. Akafungua mdomo: "Afande, hawa samaki ni..."

Lakini Kapteni hakumsikia. Alikuwa amekunja mkono wa shati, anauingiza majini. Alisema tangu azaliwe hajala kitu cha bahari. "Mama! Weka mafuta motoni. Mimi nataka kula hii bluu na hii nyekundu."

Pampu ikanyamaza. Nikaona kifo changu kikiwa kimekaangwa: ulimi ukionja tu, utajua ni nkejje wa ziwani, kwisha.

"...ni sumu, afande!" Saverio alipiga kelele. Jasho lilimtiririka. Akasema anayemla huvimba ulimi jioni na kuzikwa asubuhi. Akasema hata kuwagusa ni hatari. Akasema amesoma. Saverio, ambaye hajasoma kitu zaidi ya leseni!

Kapteni akautoa mkono polepole. Akawatazama samaki kwa heshima mpya. Akasema hao ni kama askari wake: mtazame kwa mbali, usimguse. Akacheka. Sote tukacheka, shangazi pia, nyuma ya pazia.

Kisha, mlangoni, akauliza bahari ina nini kingine. Mdomo ukasema papa, afande. Akauliza kama ninaye. Mdomo ukasema yuko njiani.

Atarudi mwisho wa mwezi, pamoja na mkubwa wake.

Kapteni alipoondoka, Saverio alinishika kola. "Ggwe Taju, sikukuokoa wewe! Nimewaokoa ndugu zangu. Nami nimewaita sumu, mbele ya watu!" Alikuwa analia. Amesema kesho warudi ziwani, la sivyo atasema yote.

Jumapili, 15 Februari

Tumewarudisha Ggaba, mimi na Saverio, debe katikati. Aliwaomba radhi mmoja mmoja. Nikasubiri. Wavuvi wakavua kofia.

Njiani nimepata akili kubwa. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa langu lilikuwa kuchagua ukoo wenye mtetezi mmoja tu! Papa wangu atakuwa kamongo, yule samaki mrefu wa matope mwenye meno. Nitampaka rangi ya kijivu na kumfunga pezi la bati mgongoni. Hajati Hindu amenionya kwamba kamongo ana ukoo wake pia, ukoo wa Mmamba, wenye watu wengi kuliko koo zote. Nusu ya mji ni wa ukoo huo. Vizuri zaidi! Nusu ya mji itanitetea.

Tena Hajati amenipa kioo chote cha mbele cha duka. Nilimwambia siri ya serikali.

Basi msomaji, kama una kamongo mzima, wa urefu wa mkono wa mtu mzima au zaidi, mlete. Usije kwa mlango wa mbele. Pita uchochoro wa nyuma ya duka lisilo na kioo, Old Kampala, hadi kwenye ukuta uliorukiwa na saruji ya rangi tatu ya matumbawe yangu. Usibishe hodi, nikisikia hodi huwa naingia chini ya kitanda. Puliza pampu ya baiskeli: fiii, fiii. Shangazi atakohoa. Akikohoa, ingia. Asipokohoa, kimbia, na kitabu hiki ukile.