Folda ya Mheshimiwa Phocas

Hakuna kompyuta Gisenyi nzima isiyomuogopa Phocas! Alisema hivyo mwenyewe, na tai yake ikakubali.

Mwaka 1999 kampuni moja ya maboti ilitafuta chef wa informatique, mkuu wa kompyuta zote. Directeur Théoneste akamwambia: "Bon. Wageni wa Kigali wanafika saa sita. Wakikuta serveur ya Java inatembea, na ukurasa wa kampuni uko kwenye kioo, kazi iko yako."

"Patron, dakika kumi tu! Brussels walilia nilipoondoka."

Brussels! Phocas aliishia Goma.

Akaweka CD ya serveur. Mashine, kizee cha Windows 95, kikauliza: serveur ikae folda gani? Mutu mwingine angekubali ile iliyopendekezwa. Phocas? Thubutu! Akaandika jina refu kama la kadi ya harusi: Son Excellence Ingenieur Phocas Serveur Principal.

Akabonyeza. Dirisha jeusi likafunguka, likajifunga. Pyaa! Akabonyeza tena. Pyaa!

"Ni unyevu wa ziwa," akatangaza. Akafungua mashine, akapuliza mpaka vumbi lote likahamia kwenye nywele zake. Akaweka Windows upya. Folda ile ile. Pyaa!

Vénantie, dactylo wa kupiga barua za ofisi, alikuwa anasoma kikaratasi kilichokuja na CD.

"Kaka Phocas, hapa wanasema Java hii haipendi folda yenye nafasi katikati ya maneno. Andika neno moja tu."

"Dada, we piga barua. Mi niko ingénieur!"

"Iko saa sita kasoro robo, Ingénieur."

Ghafla Phocas akasikia kiu. Alipotoka kunywa maji, Vénantie akaweka serveur kwenye folda yenye neno moja: maboti. Ukurasa wa kampuni huo kwenye kioo, na picha ya boti juu! Akachukua mkoba, akaenda kula.

Phocas akarudi, na wageni wakaingia. "Nani amefanya kazi hii?" akauliza mama mmoja.

Phocas akanyoosha tai. "Mimi, Mama. Kwa jasho!"

"Hongera! Zima serveur, uiwashe tena tuone."

Kuizima aliweza. Kuiwasha sasa! Akatafuta folda yake tukufu: haiko. Mouse ikazunguka meza kama mbuzi aliyepotea.

"Pardon, nakuja!" Akatoka mbio.

Alimkuta Vénantie kando ya barabara, kwa muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, sahani mkononi.

"Dada yangu, malaika, uliiweka fasi gani?"

"Ingénieur muzima anauliza mupiga barua? Acha nimalize kula."

"Vénantie, kesho unaanza kazi ya chef wa informatique," sauti ikasema nyuma. Directeur! Na wageni wote nyuma yake, wanahema.

"Asante, Patron." Akalamba kidole. "Na huyu?"

"Huyu? Sogea kidogo, Ingénieur. Wageni nao wanataka sambaza."