Nyekundu kwa Mama, Nyeusi kwa Mzee

"Mimi Lusweti sijawahi kushindwa kasino, na sitashindwa," alipenda kusema, na mpaka hapo alikuwa anasema ukweli, kwa sababu alikuwa hajawahi kucheza. Kucheza aliwaachia watu wenye pesa. Yeye alikuwa na tai moja, pikipiki moja, viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, na ulimi ambao ungeuza mwavuli Lodwar kusiko na mvua.

Nafasi yake kubwa aliiona mahali ambapo sisi wengine tuliona soda tu: semina ya amani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya uchaguzi. Wafadhili walikodi ukumbi hapa Eldoret, wakaleta fulana zenye picha ya njiwa. Upande wa kushoto wakakaa waliochomewa. Upande wa kulia wakakaa waliosema hawajui nani alichoma. Katikati ikabaki njia pana, ungeweza kupitisha ng'ombe. Lusweti, ambaye kwao ni Bungoma na hakuwa adui wa mtu, alipewa kazi ya kugawa soda pande zote mbili. Akasimama na kreti katikati ya ile njia, akatabasamu peke yake.

Hawa watu hawaongei, aliwaza. Huyu nikimwambia hivi na yule nikimwambia vile, nani atalinganisha?

Upande wa kushoto alimchagua Mama Warigia. Duka lake la mtaa wa West Indies, hapa hapa mjini, lilikuwa limebaki kuta nne na harufu ya moshi. Serikali ilikuwa imempa pesa kidogo za kurudi nyumbani, na pesa hizo, alizofunga kwenye leso, ndizo zilizokuwa duka lenyewe: unga, sukari, sabuni, kila kitu. Zikipotea, hakuna duka.

"Mama, hizo haziwezi kujaza hata rafu moja," Lusweti alimwambia kwa huruma ya mchungaji. "Lakini kuna msichana anaitwa Joy, anazungusha gurudumu pale kasino. Ni binamu yangu. Jumapili mchana akigusa sikio, mpira unaanguka kwa nyekundu. Unaweka zako, zinazaa mara mbili. Mimi unanipa tu chai ya Joy, na ukishinda unanikumbuka."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Lusweti. Hiyo si kamari?"

"Kamari ni wakati hujui, mama. Wewe utakuwa unajua."

Warigia akafikiria. Hoja ilikuwa na miguu. Akauliza swali la mwisho, ili dhamiri isije ikasema haikuulizwa: "Na tukishindwa?"

"Chai narudisha. Mimi si mwizi."

Upande wa kulia alimchagua Mzee Kipyego, mkulima wa Moi's Bridge ambaye lori lake lilikuwa limekufa injini msimu wa mavuno. Hotuba ilikuwa ile ile, sikio lile lile, ila mpira sasa uliangukia nyeusi.

"Si huo ni wizi?" Kipyego aliuliza.

"Wa nani, mzee? Mwenye kasino alijenga ile ghorofa kwa jasho lake? Ushawahi kuona kasino inalia?"

Kipyego hakuwa ameona. Akatoa chai ya Joy.

Joy mwenyewe, maskini, hakuwa binamu wa mtu yeyote hapo. Alikuwa akigusa sikio kila mara kabla ya kuzungusha kwa sababu herini za sare zilikuwa zinamwasha. Mpango ulikuwa safi. Rangi ni mbili, wateja ni wawili. Mmoja lazima ashinde na amkumbuke Lusweti. Mwingine anarudishiwa chai na pole, na anaenda nyumbani akimsifu kwa uaminifu. Kuna watu wamepewa medali kwa mambo mabaya zaidi.

Jumapili ikafika. Warigia akasimama upande huu wa meza, Kipyego upande ule, kila mmoja akijifanya mwenzake ni nguzo. Joy akagusa sikio. Leso ikafunguliwa, zote zikaenda nyekundu. Za Kipyego zikaenda nyeusi. Ndipo wakaonana wameweka wapi, na kila mmoja akamwonea mwenzake huruma, ile huruma tamu ya kumwona mtu anapotea njia unayoijua.

Mpira ukazunguka, ukaruka, ukasita, ukalala kwa sifuri.

Sifuri ni ya kijani. Si nyekundu wala nyeusi. Ni ya mwenye nyumba. Lusweti aliijua sifuri kama tunavyojua kifo, kwamba kipo, kwa ajili ya watu wengine.

Joy akakusanya pesa za pande zote mbili bila ubaguzi, jambo ambalo serikali ilikuwa bado haijaweza. Warigia akabaki ameshika leso tupu. Kisha Kipyego akafungua mdomo.

"Mama, nani alikudanganya ati nyekundu?"

"Na wewe nani alikudanganya ati nyeusi?"

Wakageuka pamoja. Lusweti alikuwa tayari mlangoni, lakini Kipyego alimfikia na kumshika tai.

"Twendeni polisi basi," Lusweti akajaribu.

"Tuseme nini huko?" akauliza Kipyego. "Kwamba tulitoa hongo na haikufanya kazi?"

Wakamalizana nyuma ya kasino. Lusweti alitapika chai zote mbili, akaacha pikipiki yake na tai, akapotelea Kitale. Pikipiki iliuzwa. Ilirudisha nusu tu, lakini Kipyego akaleta mahindi ya kuchemsha kwa mkopo, na Warigia akafungua, si duka, kibanda cha chai. Soda za wafadhili zilishindwa. Sifuri iliweza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia juzi, hapo hapo kibandani kwa Warigia, Kipyego mwenyewe akicheka mpaka akashika mbavu, wakati mwanamke aliyekuwa akinywa chai kwenye kona aligeuka. Bila sare sikuwa nimemtambua. Alikuwa Joy.

"Umesimulia vizuri," akasema. "Ila umeruka mtu. Kulikuwa na kijana aliyeweka pesa kwa sifuri. Akalipwa mara thelathini na tano, akatoka na mlango wa jikoni. Nilimuuliza mbona sifuri, akaniambia anaishi chumba kimoja na Lusweti huko Kiplombe, na rangi zote zishauzwa."

Kipyego akaacha kucheka, akanigeukia. Mimi nikaeleza kwamba sikupanga mpira mimi, kwamba kunyamaza si kosa kwa sheria ya Kenya, kwamba niliweka kidogo tu.

"Ulijua," Warigia akasema. Hakuinua sauti. "Ulinipita mlangoni kwa kasino ukiingia, ukanisalimia."

Akachukua kigoda, akakiweka katikati ya mlango, akakikalia.

"Kipyego, mwongezee chai," akasema. "Haendi mahali."