Lirudisheni Tundu la Baba

Ndugu Msimamizi wa Nyumba ya Makumbusho,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kulinda viti visivyokaliwa. Jumapili nilimleta mama yangu kuiona nyumba mliyoikarabati, ile ya msanifu mashuhuri. Sisi tulipanga humo zamani, wakati watu wakiiita tu "ile nyumba inayovuja". Kwa heshima na taadhima, nina malalamiko.

1. Msanifu alijenga jiko lisilo na dirisha, eti mpishi azame katika kazi yake. Mama alizama kweli, katika moshi. Ndipo marehemu baba, fundi baiskeli, alipochukua patasi akatoboa ukuta, akatia rimu ya gurudumu iwe fremu. Kwenye tundu hilo mama aliona geti, wageni, na sisi tukikwepa kuoga. Mmeliziba! Mmepiga lipu na rangi, na mtembeza wageni wenu anajisifu kwamba ukuta umerudi kama ulivyochorwa. Mama alipapasa mahali pale, machozi yakamtoka. Roho iliniuma. Baiskeli zote alizotengeneza baba zimeshakufa. Tundu lile ndiyo kazi yake pekee iliyokuwa imebaki duniani.

2. Kama kweli mnafuata mchoro, mbona paa halivuji? Tulikuwa na ndoo ya bluu katikati ya sebule, nayo iliijua nyumba kuliko aliyeichora. Naomba paa litobolewe, na ndoo izungushiwe kamba na kuwekewa taa, kama mlivyokifanyia kile kiti cha msanifu.

3. Kiti chenyewe sasa. Mama alikikalia kidogo tu apumzishe magoti, akafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni. Yaani aliyedeki sakafu hiyo miaka yote ni mgeni, na ambaye hakulala humo hata usiku mmoja ndiye mwenye picha ukutani!

4. Kwa hiyo picha hiyo ishushwe, ipandishwe ya baba. Mtembeza wageni naye afundishwe kukohoa kila afikapo jikoni, ili watu waelewe. Mkikaa kimya nitakuja na patasi mwenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nisalimie mlinzi wa geti, dada wa tiketi, na hata mwashi aliyeziba tundu. Sijamsamehe, lakini salamu hainyimwi mtu.

Wako mwenye uchungu,
Binti wa Fundi Baiskeli

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mama barua hii. Amecheka mpaka akashika mbavu. Anasema tundu lile halikutoa moshi hata kidogo, ila lilileta moshi wa jirani, pamoja na baridi ya shingoni. Kila siku alimwomba baba alizibe, baba akajibu, "Kesho, mama watoto." Mwishowe mama akaacha kumwomba, maana mwenzake alilionea fahari mno. Machozi ya Jumapili yalikuwa ya kicheko: kesho ya baba imefika. Anaomba mwashi ashukuriwe sana. Ila rimu, kama hamjaitupa, anaitaka nyumbani.