Dole Gumba la Wazee Wote

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimevaa kizibao cha njano. Mgongoni kimeandikwa BALOZI WA KADI. Miaka yote nimekuwa kondakta, nakata tiketi mlangoni mwa basi, mikono inanuka sarafu. Sasa kampuni imeweka mageti ya kadi. Makondakta wengi wamerudishwa nyumbani, na sisi wachache tumebakizwa kituoni tuwabembeleze abiria waipende kadi iliyotula. Dunia hii!

Abiria hawaitaki. Mama mmoja kaniuliza, kadi ikipotea, nauli yake nitaitapika mimi? Mwingine kasema kadi inakunywa hela kimyakimya kama mume mlevi. Meneja wa kituo katuambia atakayeandikisha watu wachache kufika mwisho wa mwezi aanze kuaga. Jirani yangu wa meza ni Tabasamu, naye alikuwa kondakta. Anachekacheka na kila mtu, foleni yake inafika barabarani. Kwangu inzi tu.

Jioni mke wangu kaniongezea mzigo. Mama mkwe anaishi nasi, ana kidonda cha sukari mguuni. Hospitali imesema kisafishwe kila baada ya siku moja, kikiachwa mguu utaondoka. Nauli zinatumaliza, na wazee wenye kadi wanapanda bure. Kaniambia, Baba Watoto, mpatie mama kadi, hili moja tu usiliharibu. Nimeudhika sana. Lini niliharibu kitu?

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaja mezani kwangu, kajifunga kanga mpya. Kadi ya mzee inataka alama ya dole gumba. Kabonyeza. Mashine kimya. Kabonyeza tena. Nyekundu! Maskini, amefua nguo za watu tangu ujana wake, vidole vimekwisha, laini kama kijiko.

Utaratibu ni kumpeleka makao makuu akapange foleni na kungoja majuma. Mke wangu angenimeza. Nimetazama kushoto, nimetazama kulia, nikabonyeza dole gumba langu mwenyewe. Kijani! Kadi ikatoka na picha yake. Mama mkwe aliona. Kanishika mkono, kaniita mwanangu. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniita hivyo. Nilijisikia mtu.

Kisha nikawaza. Wazee wangapi wamefukuzwa na mashine hii? Wakulima, wafuaji, wachonga mawe. Tabasamu anawarudisha wote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni! Wazee wanaambiana, nendeni kwa yule mwenye kizibao kipana, mashine yake ina huruma. Nawashika mkono kwa heshima, Shikamoo Mzee, Shikamoo Bibi, na dole langu linapita chini ya kiganja chao. Hakuna anayeona. Na wakiona, watasema nini? Kadi wanayo.

Tabasamu kaja kuniuliza siri. Nimemwambia mafuta ya mgando, unamsugua mzee kidole mpaka kiwe laini. Kaenda kununua kopo zima. Mchana kutwa anasugua wazee vidole, mashine yake inateleza kama samaki, wazee wanamtukana. Nimecheka hadi nikasahau chakula.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi meneja kabandika picha yangu ukutani: Balozi Bora. Mchana katuita wote, uso umekunjamana. Mtambo wa makao makuu umelinganisha alama. Umegundua kwamba nusu ya wazee wa kituo hiki ni mtu mmoja.

Meneja kasema Alhamisi kadi zote zenye dole hilo zitafungwa, na wafanyakazi wote watabonyeza mtamboni mwenye dole apatikane. Lakini aliyefanya akijitokeza kabla, wazee wataachiwa kadi zao wakati wanaandikishwa upya. Alisema hivyo mara mbili. Nilimwelewa mara zote mbili.

Nimefikiria kujitokeza. Nimefikiria kwa dhati kabisa, hadi chai ikapoa. Halafu nikatazama ile picha ukutani. Nimetoka vizuri sana.

Jumatano, 12 Machi
Suluhisho! Fundi seremala wa jirani kaniazima kipande cha msasa. Kama mashine haisomi vidole vya wafuaji, haitasoma na changu. Nimejifungia bafuni, nimeuma taulo, nimesugua. Ee Mola wangu! Nimesugua hadi nikaona rangi ambazo sijawahi kuziona.

Mke wangu kauliza nini hicho. Nimesema mlango wa basi. Mama mkwe kanifunga kwa bendeji aliyopewa hospitali kwa ajili ya mguu wake. Kasema kidonda changu kibichi zaidi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefungua bendeji, nimesema tena mlango wa basi, nimebonyeza. Nyekundu. Meneja kaguna, kanipita. Kisha likaibuka lile kopo la mafuta kutoka chini ya meza ya Tabasamu. Kumbe wapo waliomwona akisugua wazee vidole. Mashine tunabadilishana, na dole la wizi halikupatikana, basi meneja kasema kikulacho ki nguoni mwako, na akamwonyesha mlango. Tabasamu kalia. Kanitazama kama anayetaka kusema kitu juu yangu, kisha akavua kizibao na kukikunja vizuri.

Nilitaka kufurahi. Furaha haikuja vizuri.

Ijumaa, 14 Machi
Leo mageti yamewatapika wazee. Kila anayegusisha kadi, nyekundu. Walinzi wanawapokonya, wanawauliza nani kawapa. Wazee wananitafuta. Nilikuwa nyuma ya nguzo, nimevua kizibao.

Nikamwona Mama mkwe. Kagusisha, nyekundu. Mlinzi kaichukua kadi, kamkaripia mbele za watu kama mwizi wa kuku, kamtaka ataje aliyempa. Kasema hamkumbuki. Pesa taslimu geti halipokei tena. Kasimama pale kidogo, kageuka, kaenda kukaa kwenye benchi.

Miguu yangu haikutoka nyuma ya nguzo. Naandika hivi ili nijue nilikuwa na miguu.

Jioni mke wangu kamuuliza hospitali wamesemaje. Mama mkwe kajibu foleni ilikuwa ndefu ila wamemsafisha. Hakunitazama. Baadaye, mke wangu akiwa jikoni, kaninong'oneza kwamba hataki nipoteze kazi, watoto watakula nini.

Jumatano, 19 Machi
Kila siku ya hospitali anatoka na kanga yake, anakaa benchi la kituo, anarudi. Kutembea hadi huko hawezi. Ningemnunulia kadi ya kulipia, naziuza mimi mwenyewe! Lakini mke wangu ataiona, atauliza ya bure iko wapi, na swali moja huzaa jingine. Ngoja mambo yapoe. Wiki ijayo.

Nyumbani kuna harufu. Mke wangu kauliza ni nini. Nimesema panya kafia nyuma ya kabati. Tumehamisha kabati. Hakuna panya. Nimesema basi yuko darini. Nimepanda darini. Nimekaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 22 Machi
Mama mkwe kaamka na homa, anaongea na watu waliokwisha kufa. Tumembeba kwa teksi. Daktari kafungua kitambaa, akakifunga, akatuita pembeni. Mguu hauponi. Unakatwa chini ya goti, leo leo, ukiachwa utamchukua wote.

Mke wangu kamuuliza muuguzi mara ya mwisho mama alikuja lini. Muuguzi kamwambia. Mke wangu kanigeukia, wala hakupiga kelele. Laiti angepiga. Mama mkwe, homa yote ile, kasema ni uvivu wake, kadi ilikuwa nzima, yeye tu alichoka kwenda.

Nimeenda kulia ukumbini. Machozi ya kweli, nimeyaona yakidondoka kwenye viatu. Nimeapa mbele ya Mungu na mfagiaji mmoja kwamba sitafanya ujanja tena maishani.

Jumatatu, 31 Machi
Mama mkwe karudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Mke wangu kamtandikia chumbani kwetu, na yeye analala humo humo. Mimi nipo sebuleni. Ananipitia kama anapita kabati. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nangojea.

Kazini nimebaki. Makondakta wa zamani hawanisalimu. Uandikishaji umelala, wazee wanaogopa kadi kama moto, na abiria wengine wanasema si tuliwaambia. Meneja kaniuliza picha yangu iendelee kukaa ukutani au vipi.

Ila leo nimejifunza jambo. Afisa wa hospitali kaja nyumbani kutueleza kwamba Mama mkwe sasa ana haki ya kadi nyingine, ya wenye ulemavu. Hii haitaki kidole, picha tu. Na anayemsukuma anapita bure pamoja naye. Yeyote anayemsukuma! Nimeuliza mara mbili. Hakuna palipoandikwa lazima awe ndugu.

Sasa hebu tufikiri. Asubuhi kituo kimejaa watu wasiotaka kadi na wenye haraka zao. Mmoja ananipa nusu ya nauli, anashika kiti, anasukuma, wamepita. Namrudisha Mama kwa mlango wa kutokea, anashika mwingine. Yeye kazi yake ni kukaa tu, na hewa ya nje itamfaa kuliko kushinda chumbani akitazama ukuta. Tena ni kusaidia umma.

Kesho mke wangu akitoka nitamwambia Mama. Hatakataa. Hajawahi kunikatalia kitu.