Mustari wa Tatu

Siku ya kazi moja, 4 août 1975
Mama Tshibola, muke wangu, jambo sana. Dada yako mugonjwa anaendelea namna gani? Na wewe, magoti ingali inauma? Batoto bake benye uko nabo kule Musumba banakula muzuri? Sisi huku Kolwezi tuko wazima, Bwana asifiwe. Naandika mu hii kaye ya masomo kidogo kidogo, nitakutumia yote pamoja.

Habari: binti wetu Tshiela analeta karatasi ya université. Mistari tatu, fasi tatu za kuomba. Anataka Kinshasa, unganga wa hospitali. Kinshasa! Kule banaenda na avion, kuruka mu mawingu! Nilimuambia Lubumbashi treni inafika, tena mupepo iko muzuri. Akauliza kama ile mupepo itamufundisha kupasula tumbo. Kichwa yako ile, mama.

Kazi mbili, 5 août
Furaha! Jirani Kisimba anasema bale bakubwa ba masomo habapanake mutu mustari wa kwanza, hata siku moja. Mutoto wake alipewa wa tatu. Basi! Nilisali, kiisha nikamuambia Tshiela aandike Kinshasa kwa kwanza, Lubumbashi kwa tatu. Akaruka, akanikumbatia, akalia mu shati yangu: kumbe papa anamuachilia! Nilijisikia kama Yuda. Lakini Yuda hakukuwa na binti.

Kazi tatu, 6 août
Nilipeleka karatasi mi mwenyewe ku ofisi ya masomo, kule Manika. Mukubwa wa masomo akasema baba wa namna yangu beko kidogo sana. Nilishukuru.

Kazi moja, 15 septembre
Majina iko ku ukuta. Tshiela: Kinshasa. Mustari wa kwanza! Nilikimbia kwa Kisimba. Eti mwaka hii, citoyen mwenzangu, bamegeuza. Anasema vile na bukari ya unga mu kinywa!

Siku ya Mungu, 21 septembre
Pasta aliniita mbele, mufano wa baba mwenye kuachilia. Niliimba kupita bote, basiangalie macho yangu. Kiisha Tshiela akauliza nani atanipikia. Nikamuonyesha bukari yangu. Ikatoka kama supu. Tulicheka.

Kazi tano, 26 septembre
Avion ilienda naye. Leo nilipiga hodi ku chumba yake mbele ya kuingia.

Kisimba alipita kunifariji. Anasema mwanamuke ukimuita, anakawia. Ukimuambia abakie, kesho eko ku njia ya kurudi.

Basi mama, bakia tu kule Musumba. Hakuna haraka. Hata mpaka Noëli. Mi niko muzuri kabisa.

Unijibu mbio.